Nyumba Iliyoipa Barabara Kisogo

Kilichomuuma Lorelle Prunty si nyumba ya wifi yake. Nyumba angeistahimili. Kilichomuuma ni sweta.

Ilikuwa mwezi wa Julai, yeye amesimama kwenye sinki ndani ya banda la bati, mikono imo ndani ya maji yaliyokwisha kupoa, macho yako ng'ambo ya barabara. Huko ng'ambo, nyuma ya vioo vikubwa vya sebule ya wifi yake Bernadine, mama mkwe wake Carmel alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Lorelle akamwona akifungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, akaivua, akaitundika kwenye mkono wa kiti. Julai, katikati ya majira ya baridi! Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi tangu alfajiri, na saa nne hiyo ulikuwa haujayeyuka. Carmel huyo huyo akija bandani kuwaona wajukuu hakuvua hata koti. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi, akaimaliza chai kwa mafunda matatu, akasema, "Haya wanangu, mimi naenda kwa Berna kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa mpaka jua kuzama.

Wanasema hasidi hana sababu. Lorelle alikuwa nazo sababu tele, na kila asubuhi alizipitia upya kama mtu anayekagua kuku wake bandani. Yeye alikuwa akioka mikate na pai za nyama kwenye duka la mikate mjini. Saa kumi alfajiri yuko kwenye tanuri, saa tatu na nusu amerudi. Mumewe Gerard, ambaye wote walimwita Ged, alichimbia nguzo na kuvuta nyaya za mashamba ya watu. Mwaka wa pili sasa walikuwa wanaishi bandani na watoto wawili, Tilda wa miaka mitano na Fergus ambaye alikuwa bado ananyonya, wakisubiri kuanza kujenga. Usiku pua ya Fergus ilikuwa ya baridi kama pua ya mbwa. Kifua chake kilikuwa kinakoroma. Lorelle alimlaza kifuani kwake, ndani ya fulana yake mwenyewe, akawa anasikiliza ule mkoromo mpaka saa ya kwenda kazini.

Na jambo lililomchoma zaidi, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba kiwanja alikichagua mwenyewe.

Baba mkwe alipofariki, Carmel aliikata sehemu ya malisho iliyokuwa kando ya Barabara ya Tannery, kipande kimoja upande huu na kimoja upande ule, akawaita mwanawe wa kiume na binti yake. "Chagueni wenyewe, msije mkanilaumu." Hakuwa hata amemaliza kusema, Lorelle akaruka, "Sisi tunachukua upande wa kaskazini." Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umeinuka kidogo. Alipiga picha moyoni: yeye juu, wifi chini. Bernadine akasema tu, "Sawa, wifi," akachukua wa kusini bila kinyongo, na siku ile Lorelle alirudi nyumbani akiimba.

Bernadine alikuwa karani wa shule ya msingi. Mumewe yuko migodini huko magharibi, hurudi kila wiki ya tatu. Alijenga haraka, akahamia, na tangu hapo neno moja halikumwisha mdomoni: nyota.

Pale kwao, kusini kabisa mwa dunia, nyumba haipati kibali cha ujenzi mpaka ihesabiwe nyota. Mtaalamu huchukua ramani, akapiga hesabu ya kuta, dari, vioo na jua, akaona nyumba itakula moto kiasi gani wakati wa baridi na itateseka kiasi gani wakati wa joto. Nyota saba ndiyo kikomo cha chini. Chini ya saba hakuna kibali, hakuna kumwaga jamvi la zege, hakuna nyumba. Ya Bernadine ilipata saba na nukta sita, na cheti chake alikibandika kwenye friji kwa sumaku, pale ambapo watu wengine hubandika picha za watoto.

"Wifi, sogea huku, hapo utaungua na jua," Bernadine alimwambia Jumapili moja, wote wakiwa mezani kwake, mguu wa kondoo umeshakatwa.

"Niko sawa."

"Saba nukta sita. Hoekstra mwenyewe aliyeichora alishangaa. Eti nyumba nyingine huzaliwa na nyota kama watu."

"Friji yangu ina tatu na nusu tu," Carmel akasema, "na inagandisha vizuri."

"Mama, nyota za friji ni za kupima umeme, ni nyingine."

"Nyota ni nyota. Nipe mchuzi."

Ged akacheka. Lorelle hakucheka. Alimchukua Fergus akasema anakwenda kumbadilisha nepi, akaingia chumba cha wageni. Kwenye droo ya meza alijua kuna ramani. Akaipiga picha kwa simu, kurasa zote nne, mtoto begani, akinyata kama mwizi wa kuku.

Mchoraji wa ramani, Hoekstra, alikuwa mzee mrefu mwenye maneno machache aliyefanyia kazi kwenye chumba cha uani kwake mjini. Yeye ndiye aliyechora na ndiye aliyepiga hesabu ya nyota. Lorelle alimwekea simu mezani.

"Nataka hii."

"Hii niliichora mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Iwe kama ilivyo, chumba kwa chumba. Dirisha la sebule tu uliongeze kidogo."

"Ikae vipi kiwanjani?"

"Ielekee barabara. Kama ya kwake."

Hoekstra alikuna sikio kwa penseli. "Ngoja nipige hesabu kwanza."

"Hesabu gani tena? Si ulishapiga?"

Mzee akamtazama kama anayetaka kusema neno, kisha akaandika namba ya kiwanja. Angelisema hapo hapo, huenda mambo yasingefika mbali. Lakini Lorelle alikuwa ameshasimama, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayetaka kuambiwa.

Wiki mbili baadaye alipigiwa simu kazini. Alikwenda na aproni, unga hadi kwenye nyusi.

"Nne na nukta tisa," Hoekstra akasema.

"Nini nne na nukta tisa?"

"Nyota."

Lorelle aliketi. "Nyumba ni ile ile."

"Ni ile ile."

"Kuta ni zile zile. Vioo ni vile vile vya tabaka mbili."

"Vile vile."

"Basi Bernadine alikupa nini, mzee? Sema tu, mimi si mtoto."

Hoekstra hakukasirika. Alichukua rula akailaza mezani. "Barabara." Akaweka kikombe kimoja upande huu wa rula na kingine upande ule, mikono ya vikombe ikitazamana. "Mkono wa kikombe ndio sebule. Sasa, jua letu hupita wapi?"

"Kaskazini. Nani asiyejua?"

"Wifi yako yuko kusini mwa barabara. Akiitazama barabara, analitazama jua. Wewe uko kaskazini. Ukiitazama barabara unalipa jua mgongo. Lile dirisha lako kubwa litashinda kutwa linakunywa baridi ya kusini."

Lorelle aliviangalia vile vikombe. Alikuwa na hamu ya kukipindua kimoja.

"Dawa yake?"

Mzee akakizungusha kikombe cha Lorelle, mkono ukaelekea upande wa pili. "Igeuze. Mbele iwe nyuma, sebule itazame malisho. Bila kuongeza hata msumari, itapata saba na nukta nane."

"Na barabarani kutaonekana nini?"

Hoekstra akaisoma ramani kana kwamba hajawahi kuiona. "Chumba cha kufulia. Stoo." Akakohoa. "Na choo."

"Choo kimwangalie Bernadine?"

"Ni kidirisha tu, mama. Kioo cha ukungu."

Alikataa katakata. Alimwambia Hoekstra atafute njia nyingine, na mzee wa watu akatafuta. Akaongeza unene wa ile pamba ya kuzuia baridi inayojazwa ukutani, nyota zikapanda kidogo. Akapunguza dirisha la sebule, zikapanda tena. Akaondoa la pembeni. Akaondoa la chumba cha Tilda. Kila Lorelle akipita pale, sura ya nyumba ilikuwa imezidi kufumba macho, mpaka ikafanana na kituo cha polisi, na bado ilikuwa sita na nukta nne.

Wakati huo Septemba ilikuwa inakatika. Fundi wa jamvi alikuwa amewapa nafasi wiki ya mwisho ya Oktoba. Ikiwapita hiyo, nyingine ni baada ya Krismasi, maana yake majira ya baridi mengine bandani. Lorelle alilijua hilo. Kila Fergus alipokohoa alilijua upya. Na bado alipofumba macho hakuona kifua cha mtoto. Aliona nyumba imesimama imeipa barabara kisogo kama mtoto aliyenuna, na Bernadine kwenye kiti chake cha jua akiicheka.

"Lori," Ged akamwambia mkewe wakila supu ya boga, "unataka nyumba ya kuishi au ya kutazamwa?"

"Ya kutazamwa."

Ged alibaki na kijiko hewani.

"Nimeshindwa kusema uongo," Lorelle akasema. "Nataka aione. Nataka aamke kila siku aione kwanza kabla hajanawa uso. Kama mimi ninavyoiona ya kwake."

"Basi ugonjwa huo hauna pamba ya ukutani," Ged akasema, akarudi kwenye supu.

Hawajamaliza, mlango wa bati ukagongwa. Alikuwa Bernadine mwenyewe, na kopo la keki za nazi mkononi na midomo imebanwa.

"Wifi, kaka, samahani nimewakuta mezani. Mama ameniambia jambo nikasema siwezi kulala nalo. Eti mnataka kunigeuzia choo?"

"Hatujaamua," Ged akasema.

"Mimi nilijenga nikijua mbele yangu kutakuwa na uso wa nyumba ya kaka yangu. Sasa kila ninapokunywa chai niwe natazama kidirisha cha choo? Wageni wangu watasemaje? Watasema hawa wamegombana. Wifi, hata kama ni nyota, kuna nyota za kutafuta na nyingine za kuziacha."

Lorelle, ambaye dakika moja iliyopita angekubali kulala nje kuliko kuigeuza ile nyumba, alihisi kitu cha moto kinamshuka kifuani, kitamu kama chai ya kwanza baada ya kazi. Alimtazama wifi yake. Sikio la Bernadine lilikuwa jekundu. Kumbe kinamuuma! Kumbe yeye naye ana mahali pa kuchomeka!

"Tunaigeuza," akasema.

Ged akainua kichwa. "Tumeamua lini?"

"Sasa hivi. Karibu supu, wifi."

Bernadine hakuikaribia supu. Alilibwaga kopo mezani akaondoka, na Lorelle akala keki tatu mfululizo, akiramba nazi vidoleni.

Hivyo ndivyo kibali kilivyopatikana, kwa nyota saba na nukta nane, na watu wa kule wakidhani Lorelle ni mwanamke wa busara aliyeyasikiliza maneno ya mtaalamu. Jamvi likamwagwa Oktoba. Fremu ikasimama kabla ya Krismasi. Pamba ya ukutani aliijaza mwenyewe na Ged, wamevaa glovu na vitambaa puani, mikono ikiwasha wiki nzima. Hoekstra alikuwa amemwambia kwamba pengo la kidole kimoja tu ni sawa na kuacha mlango wazi, na Lorelle hakuacha pengo. Aliisukumiza kwenye kila pembe, nyuma ya kila bomba, akaipapasa kwa kiganja kama anavyowafunika watoto. Fundi umeme aliyekuja baadaye alisema hajaona ukuta uliojazwa vile. Mwezi wa nne wakahamia.

Na ilikuwa kweli. Jua liliingia asubuhi likatembea sakafuni mpaka jioni, na Tilda akalifuata na wanasesere wake, akiwahamisha kila saa. Kifua cha Fergus kilinyamaza. Carmel alikuja, akaketi, akainyoosha miguu.

Ungesema Lorelle ametulia. Lakini jicho la wivu likizoea kazi haliendi likizo. Kutoka sebuleni alikuwa haoni chochote cha Bernadine, ila malisho na ng'ombe wa watu. Ilimkosesha raha. Akaanza kukunja nguo kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu pale, ukisimama kwa vidole vya miguu, unaona ng'ambo. Ged alimkuta mara mbili. Mara ya pili alimletea kigoda.

Ni kutoka kwenye kigoda hicho, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, alipomwona Bernadine anachimba mashimo. Yalikuwa kumi na moja, mstari mmoja ulionyooka, kando ya uzio wake wa mbele. Pembeni kulikuwa na miche ya misonobari, ile inayopandwa mashambani kuzuia upepo, inayokua upesi na isiyopukutisha majani mwaka mzima.

Lorelle alielewa mara moja. Anazuia choo. Halafu akaelewa la pili, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. Uzio ule uko kaskazini mwa sebule ya Bernadine. Baada ya miaka minne ile miti itakuwa mirefu kuliko paa, na jua la baridi hupita chini. Bernadine alikuwa anaizika sebule yake kwa mikono yake mwenyewe, anapiga na mbinja.

Akanyamaza. Alinyamaza vizuri. Siku nzima alifanya kazi zake akiwa na siri ile mdomoni kama peremende. Aliiona sebule ya ng'ambo ikiingia giza mwaka hadi mwaka, cheti kikinyauka kwenye friji, na kila mtu akivuka barabara kuja upande huu. Hakuwa amefanya kosa lolote. Hakuchimba shimo hata moja.

Kesho yake, Jumapili, Carmel alikuja akalala kwenye kiti, mdomo wazi kidogo. Lorelle alikuwa akimnyonyesha Fergus kwenye kiti cha pili, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akavitazama vidole vya yule mama. Siku zote vilikuwa vimekakamaa, vifundo vimevimba kama mizizi ya tangawizi. Lakini pale juani vilikuwa vimefunguka, vimelala pajani kama vya mtu mwingine. Saa nne hivi za asubuhi, siku za kazi, vidole hivi huwa wapi? Lorelle hurudi saa tatu na nusu, na mara anatoka tena kwenda sokoni, au anampeleka mtoto kliniki. Vidole huwa ng'ambo. Huwa kwa Bernadine. Akifikiri hivyo akaikuta ile peremende mdomoni imebadilika ladha.

"Aa, jamani," akasema peke yake. Akamlaza mtoto, akavuka barabara na ndara.

Bernadine alikuwa ameshapanda tisa. Alikuwa amepiga magoti, tope viwikoni.

"Wifi, usiipande hapo."

Bernadine hakuinua kichwa. "Nakificha choo chako, nacho kinaona wivu?"

"Itakuzibia jua."

"Nani kasema?"

"Hesabu mwenyewe. Hiyo ikifika juu ya paa, mwezi wa sita jua litakuwa nyuma yake mchana kutwa. Sebule yako itakuwa friji. Hoekstra alinifundisha kwa vikombe."

"Lorelle." Sasa alisimama. "Wewe hujaniambia neno jema tangu siku nilipohamia hapa. Nikipata nyota, umenuna. Nikipika, huli. Leo nimepanda miti unakuja mbio na ndara kunionea huruma? Sema tu inakuuma."

Lorelle alitaka kujibu kwa namba. Ilikuwa ulimini: saba nukta nane. Akaimeza.

"Inaniuma," akasema. "Yote yananiuma. Nimekuonea wivu mpaka nimechoka, nimewekewa kigoda. Na jana nilikuona unachimba nikanyamaza. Ningeendelea kunyamaza, wifi, ningekaa pale kwangu nikuangalie unavyopata giza. Mwenye wivu hakufanyii hivi ninavyofanya. Mwenye wivu anakuletea maji ya kumwagilia."

Bernadine alijipangusa magoti. Akageuka kuliangalia jua, kisha vioo vyake, kisha mche uliokuwa mbele ya miguu yake, ambao haukuwa unafika hata magotini. Akanyoosha mkono juu kadiri alivyoweza, kama anayeupima utakavyokuwa, akaona kivuli cha mkono wake kimeshagusa ukuta.

"Mavi ya kuku," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa nikitazame choo chenu mpaka nife?"

"Ipande kwangu."

"Kwako wapi?"

"Chini ya kile kidirisha. Kivuli chake kitaanguka barabarani. Barabara haihesabiwi nyota."

Bernadine alicheka bila kutaka, puani, akajifuta tope kwa mkono wenye tope. Wakaing'oa miche pamoja, wakaipakia kwenye toroli, na Tilda aliyekuwa ametoka kuwatafuta akapewa kazi ya kusimamisha magari, ingawa hayakupita. Upande wa Lorelle udongo ulikuwa mgumu. Waligombana kuhusu nafasi kati ya mche na mche. Bernadine alitaka hatua mbili, Lorelle moja na nusu. Waligombana miti ni ya nani.

"Nimeinunua mimi."

"Imesimama kwangu."

"Basi majani yangu, mizizi yako."

Walipomaliza, Bernadine aliisimamia ile miti mikono kiunoni, akaikagua mmoja mmoja kama watoto wa shule kwenye mstari.

"Nitakuja kuimwagilia mwenyewe kila jioni," akasema. "Wewe hata mnanaa ulikufia."

"Njoo," Lorelle akasema. "Ila bomba liko upande wa jua. Itabidi upitie sebuleni."